Mtaalamu wa Nyumba Asizozijua

Ukimwuliza Zipora Hezroni anafanya kazi gani, tafuta kwanza pa kukaa, kwa sababu jibu lake halijawahi kumtosha mtu aliyesimama. Ataanza kwa kusema yeye ni msaidizi wa mtandaoni. Ukibaki umemkodolea macho, ataongeza kwamba si msaidizi wa hivi hivi tu, bali amebobea kwenye nyumba na viwanja. Hapo watu wa Suji, alikozaliwa, hutikisa kichwa kwa heshima, kisha humvuta mama yake pembeni kumwuliza kama binti anakula vizuri.

Mama yake, Mama Zipora kwa wote, alikuwa na maelezo yake mwenyewe ambayo aliyatoa Jumapili baada ya ibada, pale wanawake wanapobaki nje ya kanisa kuulizana habari za watoto walio mbali.

"Anauza nyumba," alisema.

"Za nani?"

"Za watu asiowajua."

"Anawauzia akina nani?"

"Watu asiowaona."

Wenzake walitazamana, wakashusha pumzi. "Basi mama, tuzidi kumwombea," alisema mmoja, na mama yake Zipora akaitikia amina, kwa kuwa naye hakuona cha kuongeza.

Zipora alikuwa amepanga chumba Same mjini, nyuma ya gereji, mahali penye umeme wa kuridhisha na mtandao wa kuridhisha kuliko umeme. Ukuta mmoja aliupaka rangi nyeupe, akaweka rafu ya vitabu viwili na ua la plastiki, ili akipigiwa simu ya video mteja aione ofisi. Kuta tatu zilizobaki, ambazo mteja haoni, zilikuwa na kitanda, ndoo, jiko la gesi na sufuria la makande. Zipora alikaa katikati, kiunoni kwenda juu amevaa koti la kike la ofisini, kiunoni kwenda chini amejifunga kanga. Hakuwa anamdanganya mtu, alijiambia. Kila upande ulipata nguo uliyostahili.

Kazi hii aliipata baada ya kumaliza chuo na kukaa nyumbani mpaka shangazi zake wakaanza kumtuma dukani kama zamani. Siku moja akajiunga na mafunzo ya kwenye kundi la WhatsApp. Mwalimu wao hakuna aliyewahi kumwona, isipokuwa kwenye picha ameegemea gari ambalo mlango wake hakuwahi kuonekana akiufungua. Mwalimu huyo alisema siri yote ya mjini ni kubobea. Anayejua kusaidia kila mtu hakumbukwi na mtu. Chagueni eneo moja mlivae. Wenzake wenye mbio wakachagua harusi, vipodozi na kliniki za meno. Zipora siku hiyo bando lilimwishia, na aliporudi hewani zilikuwa zimebaki nyumba na viwanja. Akabobea humo. Wakati huo hajawahi kununua hata bawaba ya mlango.

Mwajiri wake aliitwa Vitus, dalali wa Dar es Salaam ambaye neno dalali lilimkera kama kupakwa matope. Yeye alijiita mkurugenzi. Kampuni yake ilikuwa na idara ya habari, idara ya wateja, idara ya miadi na idara ya malalamiko, na zote nne zililala kitanda kimoja pale nyuma ya gereji. "Ngoja niongee na idara," Vitus alimwambia mteja, kisha akamtumia Zipora ujumbe wa sauti akitembea, akihema, huku nyuma yake mtu anauza karanga. Siku Zipora alipougua malaria, kampuni nzima ilisimama, na wateja wakaambiwa wakuu wa idara wako kwenye mkutano wa mwaka.

Na lazima tumpe haki yake: aliijua kazi. Alipokea simu, akapambanua mnunuzi na mzururaji kabla mtu hajamaliza salamu, akapanga nani aonyeshwe nyumba ipi na saa ngapi, akawakumbusha, akawabembeleza, akawatuliza waliofika wakakuta ufunguo haupo. Lakini kipaji chake hasa kilikuwa matangazo. Madalali wote hutia chumvi. Zipora hakutia chumvi, alipika upya. Nyumba iliyopakana na baa ilikuwa kwenye eneo changamfu. Kiwanja kinachofurika masika kilikuwa karibu na maji. Jengo ambalo halijapauliwa lilikuwa na mwanga wa asili vyumba vyote. Na ile nyumba ya bondeni isiyofikika kwa gari aliisifu kwamba haina kabisa usumbufu wa magari, ikachukuliwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa amechoshwa na honi.

Siri ya haya yote ilikuwa kanuni moja ya yule mwalimu wa WhatsApp: usiende kuona. Ukienda kuona, alisema, utaanza kusema kweli. Zipora aliishika kanuni hiyo kuliko wengine wanavyoishika katekisimu. Aliyajua mashimo ya njia za Goba na Chanika kwa majina na hajawahi kuyakanyaga. Alipendekeza watu waishi mahali ambapo yeye asingeweza kufika bila kuuliza.

Tatizo lilikuwa baba yake.

Mzee Hezroni ndiye mlinzi wa ndiva ya mtaa wao kule Suji. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe lililochimbwa na wazee wa zamani mgongoni mwa mlima. Maji ya kijito huingia humo usiku, asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mifereji kwenye matuta ya maharage na mahindi, kila shamba kwa zamu. Zamu hiyo aliijua Mzee Hezroni kichwani, na hakuna aliyewahi kumhonga hata kwa ndizi. Tope likijaa, mbiu hulia, na kila kaya inatoka na jembe kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Ikifika jioni, karani wa ndiva, mama mmoja mwenye sauti ya kengele aitwaye Eliaichi, huita majina. Aliyepo hujibu "Nipo." Asiyekuwepo hujibiwa na kazi yake. Yuko wodini Gonja. Yuko darasani Mwanga. Watu hukubali, kwa kuwa wodi wanaijua na darasa wanalijua.

Likifika jina la Zipora, panakuwa kimya.

"Yuko kwenye mtandao," mama yake alijaribu mara ya kwanza.

"Mtandao si mahali," alisema Mzee Hezroni, yeye baba mzazi, mbele ya watu. "Andika hayupo, na hana udhuru."

Sehemu ya Zipora ikachimbwa na mama yake mwenye mgongo mbovu, na habari hiyo ilipofika Same, Zipora alilia juu ya kompyuta mpaka akahofia kuiharibu. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani. Hakutaka gari la kuegemea. Alitaka jina lake likiitwa pale ndivani, baba yake anyanyuke aseme, "Yuko kazini."

Alipokwenda kumsalimu, mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepata kazi?"

"Baba, kazi ninayo."

"Iko wapi?"

"Kwenye mtandao."

Mzee alifikiri kwa unyoofu kabisa, maana si mtu wa dhihaka. "Wakikufukuza, unatokea mlango gani?"

Mzee akaendelea kunywa uji wake, na kila jioni katika sala ya nyumbani aliongeza ombi lile lile baada ya wagonjwa na wasafiri: Bwana, mkumbuke Zipora apate kazi. Aliomba kwa sauti, Zipora akiwa hapo hapo amefumba macho, anauma meno.

Basi masika ya mwaka huu yakiwa yanaishia, Vitus alimtumia picha za mali mpya. Zilipigwa kutoka angani, kwa kile kidude kinachoruka kikilia kama nyigu. Zilionyesha duara la maji ya kijani kibichi juu mlimani, matuta yanashuka chini yake kama ngazi, na mbali kabisa uwanda wa kijivu umelala kwenye ukungu.

"Lushoto hiyo," ilisema sauti ya Vitus. "Kuna bwana anauza shamba, linatazamana na bwawa. Niandikie kitu cha kumtoa mtu machozi. Nina mteja mzito."

Mteja mzito aliitwa Bi Tausi, mwenye kumbi za harusi jijini, ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka kwa kusimama kwenye sherehe za watu. Daktari alimshauri aogelee. Baharini aliona haya, kwa kuwa nusu ya wanaooga pale alishawafanyia harusi na wanamwita kwa sauti kutoka majini. Alitaka maji yake peke yake.

Zipora aliziangalia zile picha, akasikia maneno yanakuja yenyewe. Mwenzangu, msomaji, usimcheke bado. Yeye amekua akiitazama ndiva kutoka chini, akiwa na ndoo, miguu topeni. Hakuna mtu wa Suji aliyewahi kuiona kama ndege anavyoiona. Na ameambiwa ni Lushoto. Akaandika, na mahali Vitus aliposema shamba linatazamana na bwawa, yeye akaona kutazamana ni jambo la watu wasiojuana. Bwawa akalitia ndani ya shamba.

Bi Tausi aliposoma, alimpigia Vitus akilia kweli. Alitaka kwenda kuona wiki hiyo hiyo.

"Mambo yameiva," Vitus alimwambia Zipora. "Mteja atalala Same, asubuhi utapanda naye. Wewe si mwenyeji wa hizo pande?"

"Bosi, Lushoto mtu anachepukia Mombo. Hafiki Same."

"Lushoto ni jina la biashara," alisema Vitus. "Watu wakisikia Lushoto wanahisi baridi. Nakutumia ramani."

Ramani ikaja. Zipora akaifungua, akaona kile kialama chekundu kinashuka polepole, kinapita Makanya, kinapanda milima ya Upare, kinapita kanisa alilobatiziwa, kinapita nyumba ya mabati yenye mgomba mlangoni, kinatua katikati ya ndiva ya baba yake.

Alizirudia picha, na sasa aliyaona yote: lile jiwe bapa la kufulia, ule mwanya wa mfereji, hata paa la jiko la mama yake pembeni, dogo kama kiberiti. Shamba lenyewe lilikuwa la baba yake mdogo Loth, lile la mteremkoni ambalo amekuwa akisema atalisafisha tangu Zipora yuko shule ya msingi. Loth alikuwa anauza kipande chake halali. Bwawa ni Zipora aliyeliuza.

Akampigia Vitus, akamwambia ile ni ndiva, ni maji ya kijiji kizima, hayauzwi. Vitus akakokotoa haraka. "Sawa," alisema. "Usilitaje. Mwonyeshe kwa mbali, mwonyeshe na shamba, yaache magoti yake yaamue. Mimi nitakuwepo." Kuwepo kwa Vitus maana yake ni simu ya video.

Asubuhi yake Bi Tausi alimpitia Zipora kwa gari kubwa jeupe linaloendeshwa na kijana mpole, Salimu. Alivaa kofia pana na viatu vyeupe, na kwenye mkoba alikuwa na vazi jipya la kuogelea la heshima, lenye mikono. Zipora alikuwa amejiapiza kumwambia ukweli kabla ya Makanya. Kabla ya Makanya Bi Tausi akamshika mkono. "Mwanangu, tangu nisome lile tangazo sikeshi tena kwa maumivu," alisema. "Nalala nikiwaza maji." Zipora akaahirisha mpaka kona ya kwanza, kisha mpaka ya pili, na barabara ya Suji ina kona nyingi za kumpa mwoga nafasi ya kuahirisha.

Simu yake ilikuwa na miito ya mama yake ambayo hakuipokea, kwa kuwa wakati wa kazi aliwanyamazisha ndugu wote. Angepokea, angejua. Walipokaribia juu walisikia mbiu inalia, ndefu na nzito, na Bi Tausi akauliza kama kuna harusi.

Hapakuwa na harusi. Ndiva ilikuwa imefunguliwa maji yote yakaenda, na ndani yake, kwenye tope linalofika magotini, kilikuwemo kijiji kizima. Majembe yalipanda na kushuka. Makarai ya tope yalipita mkono kwa mkono mpaka kwenye kingo. Kingoni, amevaa buti za mpira na koti la suti la marehemu babu, alisimama Mzee Hezroni.

Pale Suji kuna utaratibu ambao haujaandikwa popote na haujawahi kuvunjwa: anayefika ndivani siku ya msaragambo anapewa chombo kwanza, shida yake anaulizwa baadaye. Walishapewa majembe wachungaji, wagombea na mtu wa bima. Kwa hiyo Bi Tausi aliposhuka tu, alijikuta ameshika karai, na Salimu ameshika chepe, na wote wawili wamekaribishwa kwa tabasamu. Salimu, kijana wa watu, akaingia topeni bila neno. Bi Tausi akabaki anaangalia lile shimo.

"Bwawa langu liko wapi?" aliuliza.

Hakupaza sauti. Lakini neno "langu" mlimani hulisikia hata kiziwi. Majembe yalisimama.

"Lako kivipi, mama?" aliuliza Mzee Hezroni kwa adabu.

Mtu asiyewajua Wapare angedhani sasa watu watakasirika. Walifurahi. Kesi imejileta yenyewe, saa ya jua kali, katikati ya kazi ya kubeba tope. Walitoka ndani ya ndiva kwa wepesi ambao hawakuwa nao tangu asubuhi, wakajipanga kingoni. Mgeni akaletewa kigoda. Mzee mmoja kikongwe, Melkizedeki, ambaye hajakosa kesi hata ya kuku, aliomba mambo yasianze mpaka yeye akae upande anaosikia.

Loth alitafutwa, akapatikana amejificha nyuma ya karai. Akasimama akajitetea vizuri tu: anauza mteremko wake, na kwa dalali alisema shamba linatazamana na ndiva, na hata sasa ukigeuka utaona vinatazamana. Watu wakageuka, wakaona. Kwamba anauza bila kuwaambia wanaukoo, hiyo ni kesi nyingine, na Suji hawachanganyi kesi; ikapangiwa siku yake, na Melkizedeki akaomba akumbushwe.

"Sasa mama, wewe ulisikia nini?" aliuliza Mzee Hezroni.

Bi Tausi akatoa simu, akavaa miwani, akasoma. Alisoma vizuri, maana ni mtu wa kushika kipaza sauti.

"Amka ukiwa na bwawa lako binafsi, linalolishwa na kijito kisichokauka. Shuka ngazi za kijani zilizochongwa na mikono ya kale. Hapa upepo hauna haraka. Huja asubuhi na harufu ya majani, hukaa nawe kutwa kama ndugu. Majirani ni wachache na hawana maneno. Jioni uwanda wote unalala miguuni pako, na maji yanakusubiri."

Mama mmoja alijifuta jicho akaacha tope shavuni.

"Rudia pale pa upepo," alisema Melkizedeki.

Akarudia. Watu walitazama huku na huku kana kwamba ndiyo kwanza wanahamia. Pale kwenye majirani wasio na maneno mtu alikohoa akamwangalia Melkizedeki, lakini hakuna aliyecheka.

Mzee Hezroni alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, sauti yake ilikuwa nzito. "Mimi nimeilinda ndiva hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema, "na sijapata kuisema hivi. Kuna uongo humo ndani, tutaufikia. Lakini nasema mbele yenu, aliyeandika haya ana kazi. Ana kazi na anaijua. Huyu asingefika msaragambo, mimi ningesimama kumtetea. Ni nani huyu?"

Zipora alikuwa nyuma ya kigoda cha Bi Tausi, ameinua simu usawa wa kifua, na ndani ya simu alikuwemo Vitus amevaa tai. Maneno aliyoyasubiri muda wote yalikuwa yamesemwa, kwa mdomo ule ule, pale pale ndivani, na watu wote wameyasikia. Yalikuwa yamesimama hapo yakimngoja mwenyewe ayachukue.

"Mzee, hiyo ni idara yetu ya habari," ilisema simu, kwa sauti ya mkurugenzi. "Iko makao makuu." Kisha ikashuka, ikanong'ona: "Zipora, usiseme kitu. Jifanye mtandao unakata."

Mtandao ulikuwa mzuri. Siku nyingine zote hukata.

"Ni mimi, baba," alisema Zipora. "Idara ni mimi."

Mama yake alikaa chini kwenye udongo mbichi. Mzee Hezroni alimtazama binti yake, akaitazama simu, akamtazama tena. Vitus alitoweka kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Zipora hakumpigia.

"Ulijua kuwa ni ndiva yetu?" aliuliza mzee.

"Sikujua, baba. Niliambiwa ni Lushoto."

"Ungejua ni ya kwetu, ungeandika bwawa binafsi?"

"Nisingeandika."

"Lakini uliandika kwa sababu ni Lushoto."

"Ndiyo, baba."

Mzee aliuliza taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma. "Lushoto hawanywi maji?"

Hakuna aliyemsaidia. Zipora alifungua mdomo na maneno, ambayo huwa yanakuja yenyewe, hayakuja. Kesi nyingine zote zilizopata kusikilizwa pale ziliisha kwa kelele. Hii ilisimama tu, watu wakaangalia miguu yao. Hata Melkizedeki hakuomba irudiwe.

Bi Tausi alitendewa haki. Aliombwa radhi na kijiji kizima, akapewa makande na mkungu wa ndizi, na shamba la Loth hakulitaka, maana magoti yake yalikataa ule mteremko kabla hajashuka nusu. Viatu vyeupe vilishakuwa vya rangi ya mlima. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Alipokuwa akipanda garini alimshika tena Zipora mkono.

"Mwanangu, ulivyoandika mimi nilishaogelea humo," alisema. "Wiki nzima. Nilikuwa siumwi."

Gari liliondoka. Zipora alivua koti lake la ofisini, akalitundika kwenye mti, akaingia ndivani. Alichimba sehemu yake, akachimba na ya mama yake, na hakuna aliyemwambia apumzike wala aliyemwambia aendelee. Tope la ndiva lina harufu ya majani yaliyooza na sabuni ya wafuaji, jambo ambalo alikuwa amelisahau kabisa.

Jioni Eliaichi akaita majina kwa ile sauti yake ya kengele. Alipofika hapo kwenye kimya cha siku zote alisita kidogo.

"Zipora Hezroni."

"Nipo."

Eliaichi alimgeukia mzee, kwa mazoea, kusikia kama kuna neno. Mzee Hezroni alivuta koti lake vizuri mabegani.

"Ana kazi," alisema. "Nimeiona. Endelea."

Njiani kurudi nyumbani alitangulia yeye, kama kawaida, na Zipora akafuata amebeba majembe mawili. Walipita jiwe la kufulia, wakapita mwanya wa mfereji ambapo maji mapya yalikuwa yameanza kuingia kwa sauti ndogo. Karibu na mgomba wa mlangoni mzee alisimama, lakini hakugeuka.

"Siku zote nimekuombea upate kazi," alisema. "Leo nimejua unayo. Sasa niambie mwenyewe, jioni hii nikuombee nini?"

Zipora aliyatua majembe. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni, bila shaka Vitus na picha za kiwanja kingine, na mikono yake ilikuwa na tope mpaka kwenye viwiko.